Pepe, Mgeni na Kaimu: Uhakiki wa Istilahi za Mashine Iliyo Ndani ya Mashine

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa istilahi za Kiswahili umefanywa neno moja moja. Mhakiki huchukua orodha, huweka neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, kisha huuliza kama hayo mawili yanalingana. Njia hiyo ina faida zake, lakini hailigusi swali ambalo mwanafunzi hukutana nalo darasani: je, maneno hayo yakikutanishwa katika aya moja yanaweza kueleza jinsi jambo linavyotendeka? Makala hii inalichukua swali hilo na kulielekeza kwenye uwanja mmoja finyu wa informatika, yaani jinsi haipavaiza inavyoiwezesha mashine iliyo ndani ya mashine nyingine kutumia vifaa ambavyo kwa hakika havipo. Uwanja huo umechaguliwa kwa sababu ndani yake istilahi zilizozoeleka hulazimika kufanya kazi pamoja, na udhaifu ambao hauonekani katika orodha hujitokeza katika sentensi.

Swali hili lina uzito wa pekee katika Kivu ya Kaskazini. Mwanafunzi wa informatika mjini Butembo, ambako Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989, hufundishwa kwa Kifaransa. Mjini Beni, kiasi cha kilomita 54 kuelekea kaskazini, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo kilichoanza mwaka 2007 hutumia Kifaransa na Kiingereza. Lakini mwalimu akishatoka darasani, mwanafunzi aliyeelewa humweleza mwenzake asiyeelewa kwa Kiswahili, au kwa Kinande kilichotiwa Kiswahili. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, na tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, istilahi zinazobuniwa Dar es Salaam na Nairobi zina njia pana zaidi ya kufika Butembo. Zikifika zikiwa dhaifu, mwanafunzi atazikariri kama alivyozikariri za Kifaransa, na Kiswahili kitabaki lugha ya kuulizia bei sokoni huku hoja zikiachiwa lugha nyingine.

Vigezo vya kupimia istilahi havikosekani. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoundwa mwaka 1964 na kuingizwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili mwaka 2009, yamejenga utaratibu wa kubuni na kusanifisha. Kiingi (1989) alipendekeza vigezo vinavyojulikana kwa kifupisho cha PEGITOSKA, ambavyo miongoni mwake ni usahihi, uwekevu, uzalishaji, uangavu na kukubalika. Makala hii haivikatai. Inavitumia, lakini inaongeza kipimo kimoja: uwezo wa istilahi kusimama pamoja na jirani zake katika maelezo marefu.

2. Jambo lenyewe

Kabla ya kupima maneno ni lazima jambo lielezwe kwa maneno ya kawaida. Kompyuta huwa na prosesa, kumbukumbu na vifaa: diski, kadi ya mtandao, saa, skrini. Prosesa huzungumza na kifaa kupitia rejista za kifaa hicho. Katika kompyuta nyingi rejista hizo hupewa anwani zilizo katika mfululizo uleule wa anwani za kumbukumbu. Kompyuta ya PDP-11 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1970, ilifanya hivyo. Prosesa ikiandika namba kwenye anwani fulani, na anwani hiyo ikawa ya kumbukumbu, namba huhifadhiwa. Ikiwa anwani ni ya kifaa, namba ileile huwa amri: washa, tuma, soma diski. Tofauti haimo katika agizo la prosesa. Imo katika mahali agizo linapoangukia.

Haipavaiza ni programu inayoigawa kompyuta moja ili mifumo endeshi kadhaa iendeshwe juu yake, kila mmoja ukifanya kazi kana kwamba una kompyuta yake peke yake. Wazo si geni: IBM ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972, na mwaka 1974 Popek na Goldberg waliandika masharti ambayo programu ya aina hiyo sharti iyatimize. Mashine ya ndani itende sawa na mashine ya kweli. Maagizo yake mengi yatekelezwe moja kwa moja na prosesa bila kuingiliwa. Na haipavaiza ibaki na mamlaka kamili juu ya rasilimali. Prosesa za jamii ya x86 hazikuyatimiza masharti hayo kwa urahisi, na VMware ilizizunguka kwa ufundi wa programu katika bidhaa yake ya mwaka 1999. Intel iliongeza msaada wa ndani ya prosesa mwaka 2005, AMD ikafuata mwaka 2006, na mwaka 2007 haipavaiza ya KVM ikaingizwa katika Linux.

Sasa, mfumo endeshi ulio ndani unataka kuandika kwenye rejista ya kadi ya mtandao. Kadi hiyo haipo. Haipavaiza imeacha makusudi anwani za kadi bila ukurasa wowote wa kumbukumbu nyuma yake. Prosesa inapoutafuta ukurasa na kuukosa, humsimamisha anayeandika na kuirudishia haipavaiza udhibiti. Haipavaiza hutazama ni anwani gani iliyoguswa, kama ni kusoma au kuandika, na ni baiti ngapi. Katika prosesa za Intel taarifa inayotolewa huwa haitoshi, hivyo haipavaiza hulazimika kulisoma na kulichambua agizo lenyewe. Katika prosesa za ARM, kwa maagizo ya kawaida ya kusoma na kuandika, prosesa hutoa maelezo mafupi ya kilichotokea. Kisha kazi hukabidhiwa programu inayojibu mahali pa kadi, mara nyingi QEMU iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Jibu likipatikana, huwekwa katika rejista ya prosesa ilipotarajiwa, na aliyesimamishwa huendelea na agizo linalofuata bila kujua kwamba alisimama.

Mtu wa Butembo anaweza kulifananisha jambo hili na biashara ya mtaa. Mteja anaingia dukani na kuulizia kitenge cha aina fulani. Mwenye duka hana, lakini hasemi kwamba hana. Anamwambia mteja angoje kidogo, anamtuma kijana kwenye depo ya jirani, na kitenge kinaletwa. Mteja analipa na kuondoka akijua duka lile lina vitenge. Mfano huu unasaidia, lakini una mpaka wake: mteja hungoja na huona kwamba anangoja. Mfumo endeshi wa ndani hauna hata fursa ya kungoja, kwa kuwa umesimamishwa katikati ya agizo.

3. Pepe na punje isiyo na kiini

Istilahi inayoonekana mara nyingi katika tafsiri za programu kwa mashine hii ya ndani ni "mashine pepe". Asili yake ya karibu ni "barua pepe", istilahi iliyokubalika kote katika Afrika Mashariki na ambayo si busara kuigusa. Kutoka hapo "pepe" imezaa "uhalisia pepe", "sarafu pepe", "kumbukumbu pepe" na nyingine nyingi. Kwa kigezo cha uzalishaji imefaulu kupita kiasi, na hapo ndipo tatizo linapoanza.

Kwanza, "pepe" imebeba maana mbili. Katika "barua pepe" maana yake ni kitu kinachopita kwa njia ya elektroniki. Katika "mashine pepe" inatarajiwa kumaanisha kitu kinachotenda kama kitu kingine bila kuwa kitu hicho. Barua iliyotumwa kwa kompyuta ni barua kamili, haijifanyi barua. Mwanafunzi anayeijua maana ya kwanza akiitumia kufafanua ya pili, ataelewa kwamba mashine pepe ni mashine inayotumwa mtandaoni, na kosa hilo ni la istilahi, si lake.

Pili, neno lina maana ya zamani ambayo wakulima hawajaisahau. Pepe ni punje ya nafaka isiyo na kiini: ganda lililojifunga juu ya utupu. Katika wilaya ya Beni, ambako mpunga hulimwa, kila anayepepeta kwa ungo huzijua, kwa kuwa ndizo zinazochukuliwa na upepo. Sasa, sehemu ya msingi ya mfumo endeshi huitwa kwa Kiswahili "kiini", na tafsiri hiyo ni nzuri. Mashine ya ndani ina kiini chake, tena kamili: kiini cha Linux kinachoendeshwa ndani ya haipavaiza ni kilekile kinachoendeshwa nje yake. Matokeo yake ni "kiini cha mashine pepe", yaani kiini cha punje isiyo na kiini. Si suala la mzaha wa maneno tu. Picha ya utupu inamfundisha mwanafunzi jambo lisilo kweli. Mashine ya ndani hutekeleza maagizo yake mengi juu ya prosesa ya kweli, hutumia umeme wa kweli, na data zinazopotea ndani yake hupotea kweli.

Pendekezo mbadala linalosikika ni "dhahania". Kwa msomaji wa sarufi, dhahania ni sifa ya nomino kama wema na uhuru, vitu visivyoshikika. Mashine inayoweza kusimamishwa, kunakiliwa na kuhamishiwa kompyuta nyingine haina udhahania huo. "Kivuli" nalo lingevutia, lakini limekwisha kuhitajika: kabla ya prosesa kupewa jedwali la pili la kurasa, haipavaiza zilikuwa zikitunza nakala ya siri ya jedwali la mashine ya ndani, na hakuna jina linaloifaa nakala hiyo zaidi ya "jedwali kivuli". Neno moja lisipewe nyumba mbili.

4. Halisi kwa nani?

Udhaifu mkubwa zaidi wa "pepe" haumo katika neno lenyewe bali katika mwenzake. Penye pepe huwekwa "halisi", na jozi hiyo hutarajiwa kutosheleza. Katika uwanja huu haitoshelezi, kwa kuwa ngazi za anwani ni tatu. Programu iliyo ndani ya mashine ya ndani ina anwani zake. Anwani hizo hugeuzwa na mfumo endeshi wa ndani kuwa anwani ambazo mfumo huo unaziona kuwa ni za kumbukumbu yenyewe. Hizo nazo hugeuzwa na jedwali la haipavaiza kuwa anwani za chipu za kumbukumbu zilizo ndani ya kompyuta.

Anwani za ngazi ya kati ziitwe nini? Kwa mfumo endeshi wa ndani ni halisi. Kwa haipavaiza ni pepe. Mfasiri anayeshikilia jozi ya pepe na halisi hulazimika kuandika "anwani halisi ya mashine pepe", kisha aeleze kwamba halisi hiyo si halisi. Na ni katika ngazi hiyohiyo ya kati ambapo anwani za kifaa kisichokuwapo huachwa bila ukurasa. Kwa maneno mengine, istilahi inavunjika mahali hasa ambapo jambo zima linatendeka.

Kiswahili kina njia rahisi kuliko hiyo, nayo ni kiunganishi "-a" cha umilikaji. Anwani zikitajwa kwa wenyewe badala ya kutajwa kwa ukweli wao, ngazi tatu hupata majina matatu yasiyogongana: anwani ya programu, anwani ya mgeni, anwani ya mwenyeji. Hakuna hata moja inayoitwa ya uongo, na hakuna inayohitaji tanbihi. Kigezo cha uwekevu kinatimizwa, na hata cha uangavu, kwa sababu swali la mwanafunzi "halisi kwa nani?" linajibiwa na istilahi yenyewe.

5. Kumbukumbu isiyokumbuka

Njia ya kuzungumza na kifaa kupitia anwani za kumbukumbu imepewa maelezo kama "kifaa kilichopangwa kwenye kumbukumbu". Tafsiri hii imefuata maneno ya lugha chanzi na kuiacha maana. Msomaji wa Kiswahili anaposikia kwamba kitu kimepangwa kwenye kabati, anaelewa kwamba kimo ndani ya kabati. Kifaa hakimo ndani ya kumbukumbu. Kilichofanyika ni kwamba sehemu ya anwani imekatwa na kupewa kifaa, kama mpima ardhi anavyokata kiwanja, au parseli kama wasemavyo watu wa Butembo, na kumwandikia mtu mwingine. Barabara ni moja na namba zinafuatana, lakini katika kiwanja kile si nyumba iliyojengwa bali ni kinu.

Kosa hili lina matokeo. Sifa ya kumbukumbu, katika lugha ya kawaida na katika informatika, ni kurudisha kilichowekwa. Ukisoma mara mbili unapata jambo lilelile, na kusoma hakubadilishi kitu. Rejista ya kifaa haina wajibu huo. Zipo rejista ambazo kusomwa kwake kunafuta kilichokuwamo. Zipo ambazo kuandika namba ileile mara mbili ni kutoa amri mbili. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kifaa kimo kwenye kumbukumbu ataona ni sawa kuweka akiba ya jibu la kwanza na kulirudisha mara ya pili, na programu yake itashindwa bila yeye kujua sababu. Neno la kuongoza maelezo haya lisiwe "kumbukumbu", liwe "anwani". Kusema "kufikia kifaa kwa anwani" kunatosha, na kunaacha wazi kwamba si kila anwani inakumbuka.

6. Mgeni na mwenyeji

Jozi ya "mgeni" kwa mashine ya ndani na "mwenyeji" kwa ile inayoibeba ni mojawapo ya tafsiri mkopo zilizofanikiwa, na inastahili kutetewa. Kifaransa wanachofundishiwa wanafunzi wa Butembo kina neno hôte, ambalo katika matumizi ya kawaida humtaja anayekaribisha na anayekaribishwa pia. Ndiyo maana wataalamu wa lugha hiyo wamelazimika kutafuta neno lingine kwa mashine ya ndani. Kiswahili hakijawahi kuwa na utata huo. Katika miji ambayo tangu mwaka 2014 imepokea familia nyingi zilizokimbia mauaji katika vijiji vya Beni, kila mtu anajua nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, na kila mmoja ana wajibu gani.

Hata hivyo uhakiki hauwezi kukomea kwenye sifa. Mgeni wa Kiswahili hupiga hodi. Anajua kwamba nyumba si yake, na adabu yote ya ugeni imejengwa juu ya kujua huko. Mashine ya ndani inayoelezwa na Popek na Goldberg haipigi hodi. Inaingia jikoni, inafungua kabati, inaandika kwenye anwani ya kadi ya mtandao kana kwamba ni mwenye nyumba, na ni mwenyeji anayekimbia kimyakimya kuziba pengo. Mwalimu anayelitumia neno "mgeni" bila kulitaja hilo huwaacha wanafunzi na picha iliyopinduliwa.

Lakini neno linaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kufundishia. Kila safari ya kumsimamisha mgeni na kumrudisha hugharimu mizunguko ya prosesa inayofikia maelfu, na kadi ya mtandao inayoguswa mara kwa mara hulemaza mashine nzima. Ndiyo sababu mwaka 2008 Rusty Russell alieleza utaratibu wa virtio, ambamo mfumo endeshi wa ndani unajua kwamba uko ndani, huweka maombi yake mengi mahali panapoonwa na pande zote mbili, kisha hutoa ishara moja tu. Kwa Kiswahili tofauti hii inaelezeka kwa sentensi moja: yupo mgeni asiyejua kwamba ni mgeni, na yupo mgeni anayepiga hodi. Istilahi yenye uwezo wa kuzaa maelezo ya namna hiyo haipaswi kutupwa kwa sababu ya kasoro moja.

7. Kuiga, kuigiza na kukaimu

Kinachobaki ni kitendo cha mwenyeji kujibu mahali pa kifaa. Maandishi mengi huchanganya "kuiga" na "kuigiza". Mnyambuliko wenyewe ungeweza kusaidia: "-igiza" katika matumizi ya sasa ni kazi ya jukwaani, na hadhira inajua kwamba aliyevaa taji si mfalme. Hilo linaifaa kazi ya kuonyesha mwenendo wa kitu kwa ajili ya uchunguzi, kama vile kuonyesha mwendo wa maji ya mto kwa kompyuta. "Kuiga" ni kufanya kama afanyavyo mwingine. Lakini "kuiga" nako kuna upungufu: mwigaji wa sauti ya ndege hatoi mayai. Kifaa kinachojibu ndani ya haipavaiza hutoa matokeo yanayodumu. Pakiti iliyoandikwa kwenye kadi isiyokuwapo hutumwa kweli na kumfikia mtu aliye Kampala.

Kiswahili cha ofisi kinalo neno linalokaribia zaidi, nalo ni "kaimu". Kaimu mkurugenzi si mkurugenzi, wala hamwigizi. Amekaa kwenye kiti chake, barua zinazoandikwa kwa mkurugenzi zinamfikia, na sahihi yake inafunga. Vivyo hivyo amri iliyoelekezwa kwenye anwani ya kadi humfikia kaimu wa kadi, na jibu lake linahesabiwa kuwa ni la kadi. "Kifaa kaimu" kinaeleza hadhi ya kitu, na "kukaimu kifaa" kunaeleza kitendo. Linaweza kupingwa kwa kusema kwamba kaimu hushika nafasi ya mtu aliyeko safarini, ilhali vifaa vingi vinavyokaimiwa ni vya zamani na havitengenezwi tena. Pingamizi hilo si zito, kwa kuwa hata aliyefariki huwekewa kaimu hadi mrithi apatikane.

Zaidi ya hayo, neno "kaimu" linakumbusha hatari ambayo "kuiga" linaificha. Kaimu ana mamlaka, na mamlaka yanaweza kutumiwa vibaya. Mwezi Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM katika programu ya QEMU. Ilikuwa katika sehemu inayokaimu kidhibiti cha diski laini, kifaa ambacho karibu hakuna aliyekuwa bado akikitumia, na ilikuwamo tangu mwaka 2004. Kidhibiti hicho hufikiwa kwa milango ya pekee na si kwa anwani za kumbukumbu, lakini somo ni lilelile: mgeni aliyeandika amri zisizotarajiwa aliweza kufurika nafasi ya kaimu na kufungua njia ya kuingia kwa mwenyeji. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kifaa hicho ni "pepe" hana sababu ya kukiogopa. Punje tupu haimdhuru mtu. Aliyeambiwa kwamba ni kaimu atauliza mara moja amepewa mamlaka gani, na nani anamsimamia.

8. Aya mbili kwenye mizani

Kipimo kilichoahidiwa mwanzoni sasa kinaweza kutumika. Aya ya kwanza inatumia istilahi zilizozoeleka:

Mashine pepe inapofikia kifaa pepe kilichopangwa kwenye kumbukumbu pepe, anwani pepe hutafsiriwa kuwa anwani halisi ya mashine pepe. Kwa kuwa anwani halisi hiyo haina kumbukumbu halisi, mashine halisi huiigiza na kurudisha thamani kwenye mashine pepe.

Aya ya pili inatumia istilahi zinazopendekezwa:

Mgeni anapoandika kwenye anwani ya kifaa, prosesa huitafuta anwani hiyo ya mgeni katika jedwali la mwenyeji. Ukurasa haupo, kwa sababu uliachwa wazi makusudi. Prosesa humsimamisha mgeni. Mwenyeji hulisoma agizo lililokuwa likitekelezwa, hukikabidhi kifaa kaimu thamani iliyoandikwa, nacho kikishatenda kama kifaa chenyewe kingetenda, mgeni hurudishwa kwenye agizo linalofuata.

Aya ya pili ni ndefu zaidi, na urefu huo ni sehemu ya ubora wake, kwa kuwa kila hatua imetajwa. Lakini sababu ya msingi ya tofauti ni ya kisarufi. Ngeli za Kiswahili humwezesha msomaji kufuatilia watendaji wengi katika sentensi moja bila kurudia majina yao: mgeni "anaandika", kifaa "kinatenda", ukurasa "haupo", anwani "inatafutwa", agizo "linatekelezwa". Upatanisho huo ndio uti wa maelezo. Istilahi zinazofululiza kivumishi kimoja kisichobadilika, "pepe" juu ya "pepe", humlazimisha msomaji kusahau nani ametenda nini. Mwanafunzi wa Butembo ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinande, lugha ya Kibantu yenye ngeli zake, anauleta uwezo wa kufuatilia upatanisho kutoka nyumbani. Ni hasara kuubuni msamiati usioutumia.

Ni haki kukiri kwamba kasoro moja inabaki. Mgeni na mwenyeji wote wawili wamo katika ngeli ya watu, hivyo "anasoma" linaweza kumhusu yeyote kati yao. Mwandishi atalazimika kurudia jina pale pasipo uhakika. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya aya ya kwanza, ambayo haisemi uongo katika neno lolote moja, lakini kwa ujumla wake haimfundishi mtu.

9. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba "pepe" iachwe katika "barua pepe" ilikokubalika, na isipelekwe kwenye mashine zenye kiini. Kwamba anwani zitajwe kwa wenyewe badala ya kuitwa halisi au si halisi. Kwamba "anwani" na si "kumbukumbu" iongoze maelezo ya kufikia vifaa. Kwamba "mgeni" na "mwenyeji" zidumishwe pamoja na onyo kuhusu hodi. Na kwamba "kaimu" ifikiriwe kwa kifaa kinachojibu mahali pa kingine. Kuhusu haipavaiza yenyewe, utohozi unatosha kwa sasa, ingawa aliyefunzwa kwa Kifaransa atalitamka neno hilo tofauti na aliyefunzwa kwa Kiingereza, na mamlaka za istilahi zitapaswa kuchagua tahajia moja itakayotumika pande zote za mpaka wa Kasindi.

Mapendekezo hayo yanaweza kukataliwa, na mengine bora yakapatikana. Kisichopaswa kukataliwa ni kipimo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 uliwafundisha wakazi wa Beni na Butembo, kwa gharama kubwa, kwamba ujumbe ulioandikwa kwa maneno sahihi unaweza kumfikia msikilizaji bila kueleweka. Informatika haiui kwa namna hiyo, lakini sheria ya lugha ni ileile. Kabla ya istilahi kuingizwa katika orodha, itiwe kwanza katika aya, na aya hiyo asomewe mtu asiyelijua jambo. Akiweza kulieleza tena kwa maneno yake mwenyewe, istilahi imefaulu. Asipoweza, irudishwe kwenye ungo.